Waya Usiobeba Sauti

Wiki hii sitazungumzia bei ya mahindi wala foleni ya mpakani, ingawa malori yatapita mara kwa mara katika mazungumzo yangu, kwa sababu hapa Tunduma hakuna mazungumzo yasiyopitiwa na lori. Nataka kuzungumzia waya. Ni waya mmoja mweusi, mwembamba, wenye kichwa cha duara kila upande, na ndani ya kila kichwa mna pini 5. Waya huo ulinifedhehesha mbele ya kwaya nzima mwaka 2022, na tangu siku hiyo najiona nina deni la kuueleza hadharani.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana studio ya kurekodia muziki hapa mjini. Nikisema studio msifikirie jumba. Ni chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, kuta zake zimevishwa magodoro na trei za mayai, na mlangoni pananing'inia blanketi zito. Ndani mna kompyuta, miksa ndogo, maikrofoni 2, kinanda kikubwa cha Kijapani kilichonunuliwa kikiwa kimetumika, sanduku moja la sauti lisilo na kibonyezo hata kimoja cha kupigia, na kile kinanda kidogo chenye vibao vya kugonga ambacho vijana hukiita kontrola. Wanakuja vijana wa bongo fleva, wanakuja waimbaji wa injili, na wengine huvuka kwa miguu kutoka Nakonde, upande wa Zambia, kuja kurekodi na kurudi kwao kabla ya giza.

Mnaoijua Tunduma mtauliza, mtu anarekodije muziki katika mji huu? Malori yanayokwenda Zambia na Kongo hupiga honi usiku na mchana, na breki zake za upepo hupuliza kama nyoka mkubwa. Mpwa wangu huwarekodi waimbaji usiku wa manane, honi zikipungua. Lakini vyombo huvirekodi saa yoyote, hata katikati ya foleni, kwa kuwa havipitii kwenye maikrofoni. Vinapitia kwenye ule waya niliousema.

Basi, Jumamosi moja ya mwezi wa Septemba ilikuja kwaya kutoka Ileje. Watu 22, ndani ya Coaster ya kukodi, wameifuata barabara ya Isongole hadi Mpemba na kufika hapa saa 3 asubuhi. Fedha za studio walikuwa wamezichanga baada ya mauzo ya kahawa, na zilitosha siku moja tu: nyimbo 8, kuanzia asubuhi mpaka saa 12 jioni, saa ambayo dereva wa Coaster alisema ataondoka na atakayekuwamo. Alikuwapo mwalimu wa kwaya na daftari lake la nota za do-re-mi. Alikuwapo mpiga kinanda, kijana mpole ambaye nyumbani kwao hupiga kinanda cha kanisa chenye vibonyezo viwili visivyolia, na amezoea kuviruka. Na alikuwapo mama mmoja mtu mzima, ambaye wimbo wa 6 katika daftari la mwalimu ulikuwa wake. Yeye anaanzisha, wengine wanaitikia.

Mpwa wangu alikuwa ameniomba niwepo. "Mjomba," aliniambia, "wewe ni mtu wa redio, mambo ya waya unayajua." Nami, badala ya kusema ukweli, nikavimba kichwa. Nina stashahada ya uandishi wa habari, ndugu wasikilizaji. Nilifundishwa kuhoji, kuandika na kusoma taarifa bila kukwama. Waya za kituoni kwetu huzishika fundi mitambo, na mtangazaji akizigusa hufokewa.

Tulichotaka kilikuwa rahisi kukisema. Kijana apige kile kinanda kikubwa, kwa kuwa vibonyezo vyake ni vizuri na vyote vinalia, lakini sauti itoke kwenye lile sanduku, ambalo lina sauti tamu ya kinanda cha kanisani. Ngoma zigongwe kwenye kontrola. Vyote viingie kwenye kompyuta.

Nikachukua waya. Nyuma ya kinanda kuna matundu mawili, moja limeandikwa IN, jingine OUT. Nyuma ya sanduku yapo 3: IN, OUT na THRU. Nikapiga hesabu zangu. Sauti inatoka kwa mpiga kinanda, nasi tunataka sauti itoke kwenye sanduku. Zote mbili zinatoka. Nikachomeka OUT kwa OUT. Kijana akabonyeza. Sanduku likakaa kimya kama Kimondo cha Mbozi. Nikasema waya mbovu, tukaleta mwingine. Nikajaribu IN kwa IN, nikapuliza matundu, nikazima na kuwasha. Saa 4 ikapita, saa 5 ikapita. Kwaya wakaketi nje kwenye matofali wakifanya mazoezi ili sauti zisilale, na kila walipofika kwenye kiitikio lori moja lilikuwa likiwajibu.

Hapo naomba tusimame kidogo, nieleze kile ambacho wakati ule sikukijua.

Mfumo huo unaitwa MIDI, nasi tunatamka midi. Ni mfumo wa kuunganisha ala za muziki kwa tarakimu, na jambo la kwanza la kujua kuhusu waya wake ni kwamba haubebi sauti. Fikirini lori la shaba linalotoka Kongo kwenda bandari ya Dar es Salaam. Kuna shaba, na kuna karatasi za shaba. Karatasi hazina uzito wa mzigo, lakini zinasema ni mzigo gani, tani ngapi, wa nani na unakwenda wapi. Waya wa sauti, ule wa jeki unaoingia kwenye miksa, ndio unaobeba shaba. Waya wa MIDI unabeba karatasi tu.

Ukibonyeza kinanda, waya huo unapeleka taarifa fupi yenye sehemu 3. Ya kwanza inasema kibonyezo kimebonyezwa, na inahusu chaneli ipi. Ya pili inataja namba ya kibonyezo. Ile Do ya katikati, yaani C ya katikati ya kinanda, ni namba 60. Ya tatu inasema kimebonyezwa kwa nguvu kiasi gani, kuanzia 1 hadi 127. Ukiachia, inakwenda taarifa nyingine kusema kimeachiwa. Basi, hakuna zaidi. Anayepokea ndiye anayeamua kama namba 60 italia kama kinanda cha kanisa, kama tarumbeta au kama mbwa anayebweka.

Ndiyo maana kontrola ukiichomeka na kuisikilizia haitoi hata mnong'ono. Si mbovu. Ni kinanda bubu. Kimeumbwa kuamrisha, hakikuumbwa kuimba. Nimeiona kwa macho yangu kontrola nzima ikiuzwa kwa bei ya kutupa kwa sababu mwenyewe aliamini imekufa, na aliyeinunua akaondoka nayo haraka bila kubishana sana bei. Huyo alijua.

Mfumo wenyewe una historia inayonipendeza mimi kama mtu wa mpakani. Kabla yake, kila kiwanda cha vinanda vya umeme kilikuwa na lugha yake, na chombo cha kiwanda hiki hakikuelewana na cha kiwanda kile. Wakakutana Mjapani Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa kampuni ya Roland, na Mmarekani Dave Smith wa Sequential Circuits, wakaafikiana na wenzao juu ya lugha moja. Mwezi wa Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki huko California, kinanda cha Smith kiitwacho Prophet-600 kiliunganishwa na Jupiter-6 ya Roland kwa waya, kikapigwa kimoja na kingine kikalia. Kanuni kamili zilitoka mwaka huo huo. Na watu hao, ambao walikuwa washindani wa biashara, hawakudai ada kwa yeyote aliyetaka kuitumia lugha hiyo. Walitunukiwa tuzo ya Grammy ya ufundi mwaka 2013. Kakehashi alifariki mwaka 2017, na Smith akafariki mwaka 2022, mwaka huo huo wa fedheha yangu.

Kwa nini nayataja haya? Kwa sababu kinanda chochote cha bei nafuu kinachofika Tunduma leo, kikiwa na yale matundu ya duara, kinaweza kukiamrisha chombo cha Marekani kilichotengenezwa mwaka 1983. Studio za Dar es Salaam zilizolea bongo fleva katika miaka ya 1990, kama Mawingu, MJ na Bongo Records, zilitengeneza midundo kwa vinanda na mashine, pasipo haja ya kukodi bendi ya watu 12. Zamani pale Radio Tanzania bendi iliingia nzima, na magitaa na tarumbeta zake, ikapiga kwa pamoja mkanda ukizunguka. Akikosea mmoja, mnaanza upya. Sitaki kusema kipi ni bora. Mimi nililelewa na sauti za ile mikanda na bado nazipenda. Lakini kwaya ya watu 22 yenye fedha za siku moja haina uwezo wa kuleta bendi.

Turudi studio. Kama saa 7 hivi mchana, blanketi la mlangoni likafunuliwa, akachungulia dereva wa lori. Mkongomani, mtu mnene, kandambili miguuni, taulo shingoni. Lori lake lilikuwa kwenye foleni, amesikia kwaya, akaja kusikiliza. Alisema kwao Lubumbashi alikuwa akipiga kinanda kabla ya kushika usukani. Akatazama nyuma ya vyombo, akanitazama mimi, akacheka bila kunidharau.

"Papa," akasema, "huyu anasema, na huyu naye anasema. Bote banasema. Sasa nani anasikia?"

Akauchomoa waya kwenye OUT ya sanduku na kuuchomeka kwenye IN. Kijana akabonyeza, na sauti ya kinanda cha kanisani ikajaa chumba kizima. Nje kwaya wakapiga vigelegele. Nilitamani ardhi ipasuke.

Wasikilizaji wa hapa mpakani hawana sababu ya kukosea kama mimi. Tangu kituo cha pamoja cha forodha kizinduliwe tarehe 5 Oktoba 2019, anayekwenda Zambia hukaguliwa kule anakoingia, Nakonde, na anayetoka Zambia hukaguliwa hapa Tunduma anapoingia. Maneno yale ya nyuma ya chombo someni hivyo hivyo. IN ni mlango wa kuingilia katika chombo hicho chenyewe, na OUT ni mlango wa kutokea humo. Anayetoka kwangu anaingia kwako. Na waya ni barabara ya kwenda upande mmoja; mkitaka majibu, tafuteni waya wa pili.

Dereva yule akaomba boksi. Akachana upande mmoja, akachukua kalamu ya wino na kuchora miraba 4: kinanda, kompyuta, sanduku, kontrola. Kisha akachora mishale. Kinanda kinaipelekea kompyuta. Kontrola nayo inaipelekea kompyuta, kwa waya wake wa USB. Kompyuta inalipelekea sanduku. Sanduku linapeleka sauti yenyewe, shaba yenyewe, kwenye miksa. Akasema kabla ya kushika waya wowote, chora nani anasema na nani anasikia, na mshale usio na jibu usiuchomeke. Boksi lile lipo ukutani mpaka leo.

Tukaunganisha hivyo. Mpwa wangu akagonga ngoma kwenye kontrola, na badala ya ngoma ikatoka mingurumo ya kinanda cha kanisa, kana kwamba mtu amekikalia. Wanakwaya wakaangua kicheko. Sababu ni chaneli. Katika waya mmoja wa MIDI mnapita chaneli 16, kama vituo vya redio vinavyopita katika hewa moja, na kila chombo husikiliza namba iliyowekwa. Kinanda chetu kilikuwa kikisema katika namba 1, na kontrola nayo namba 1. Fahali wawili hawakai zizi moja. Kwa makubaliano ya mwaka 1991, yaitwayo General MIDI, ngoma hukaa namba 10, na sanduku letu lilifuata makubaliano hayo. Kontrola ikahamishwa kwenda 10, ngoma zikawa ngoma.

Likaja la tatu, nalo lilikuwa la kwangu tena. Niliona waya mmoja umebaki, nikaona si vizuri ulale bure. Tundu la THRU kwenye sanduku hutoa nakala ya kila kinachoingia IN, ili kipelekwe kwa chombo kinachofuata. Nikalitoa huko na kulirudisha kwenye IN ya kinanda, nikidhani nakamilisha duara kama ya umeme. Kijana akapiga, na kila noti ikasikika mara mbili, nzito na yenye mwangwi, kama mtu anayeimba ndani ya pipa. Kinanda kilikuwa kinalia kwa kubonyezwa, kisha amri ile ile inazunguka kompyuta na sanduku, inarudi na kukiliza tena. Dereva akauondoa waya wangu. Baadaye tulijua ipo dawa nyingine, kwa anayetaka kutumia sauti za kinanda hicho pia: ndani ya vinanda vingi mna mpangilio uitwao Local, ukiuzima, vibonyezo vinatengana na sauti, na kinanda kinalia kwa amri ya kompyuta tu. Wengi huuzima kwa bahati mbaya na kudhani kinanda kimekufa. Kinanda kimoja kisicholia kina Local iliyozimwa, kingine kweli kimeungua, na tofauti yake sokoni ni kubwa.

Utingo akaja mbio kusema foleni inasogea. Dereva akatupungia taulo na kuondoka. Sikumuuliza hata jina.

Tukaanza kurekodi saa 9. Katikati ya wimbo wa 3 mtu alijikwaa kwenye waya ukachomoka wakati kijana ameshikilia kibonyezo. Taarifa ya kubonyezwa ilikuwa imefika, ya kuachiwa haikufika, na sanduku likaendelea kulia noti ile ile bila kuchoka, kama mtoto aliyeachwa na mama yake. Tulilizima kwa swichi. Programu nyingi za muziki zina amri ya kunyamazisha noti zote kwa mara moja. Mpwa wangu siku hizi ameiwekea kibonyezo chake, kwa rangi nyekundu.

Saa 12 kasorobo tulikuwa tumemaliza nyimbo 5. Kwa ule wa 6, wimbo wa mama, kijana alikuwa amekwishapiga kinanda na mpwa wangu amegonga ngoma. Mama akavaa hedifoni, akasimama mbele ya maikrofoni, na Coaster ikapiga honi. Dereva hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na abiria wengine wa kuwahi. Mama akazivua hedifoni na kuziweka mezani taratibu. Mwalimu wa kwaya alinishika mkono. "Tunashukuru, ndugu mtangazaji," aliniambia, "tumejifunza mengi." Afadhali angenitukana.

Baada ya hapo nilisoma. Vitabu vya maelekezo vinavyokuja na vyombo hivi nimeviona vya Kiingereza, Kijapani na Kichina. Cha Kiswahili bado sijakiona, na kijana anayeweza kutengeneza wimbo mzuri wa Kiswahili analazimika kubahatisha waya. Wacha niwape yale niliyopata, kwa wale mnaojenga vyumba vyenu vya muziki kule Vwawa, Mlowo na kwingineko.

Msifungamanishe vyombo vingi kwa msururu wa THRU, hiki kwa hiki kwa hiki. Vikizidi 3 au 4, taarifa huanza kuchakaa njiani na chombo cha mwisho huruka noti. Afadhali kisanduku cha kugawia, kinachopokea waya mmoja na kutoa matawi kadhaa. Waya wenyewe usizidi mita 15. Msiogope kwamba utaleta mvumo wa umeme kwenye sauti: ndani ya tundu la IN kuna kitaa kidogo na jicho la kukitazama, umeme wa waya unawasha kitaa, jicho linaona, na umeme wenyewe unaishia hapo hapo bila kuvuka. Mkisikia mvumo, tafuteni kwenye nyaya za sauti.

Kuhusu USB, ambayo kanuni zake za MIDI zilitoka mwaka 1999, wengi wanakwama mahali pamoja. Wananunua kontrola yenye USB, wana kinanda chenye USB, wanaunganisha viwili hivyo na hakuna kitu. Katika USB lazima awepo mwenyeji. Kompyuta ni mwenyeji; kontrola ni mgeni, na kinanda kwa kawaida ni mgeni pia. Wageni wawili wakikutana barabarani, nani atamkaribisha mwenzake? Ama mpitishe katika kompyuta, ama mtafute kisanduku kinachofanya kazi ya mwenyeji.

Na kuchelewa kwa sauti, yaani unabonyeza sasa inalia baadaye. Watu huulaumu waya. Waya wa MIDI hupitisha biti 31,250 kwa sekunde, kwa hiyo taarifa moja ya kubonyeza hutumia karibu sehemu moja ya elfu ya sekunde, na hata ukibonyeza vidole 10 kwa pamoja hakuna sikio litakalolalamika sana. Kinachochelewesha mara nyingi ni kompyuta. Inapotengeneza sauti yenyewe huikusanya kwanza kwenye kikapu kabla ya kuimwaga. Kikapu kikiwa kikubwa unasubiri. Kikiwa kidogo mno sauti inakwaruza. Punguzeni kidogo kidogo mpaka ianze kukwaruza, kisha mrudi hatua moja.

Mwaka 2020 zilitolewa kanuni mpya za MIDI 2.0, ambazo vyombo vinaweza kuulizana vyenyewe wewe ni nani na unaweza nini. Ni habari njema. Lakini vyombo vya mitumba tulivyonavyo vinasema ile lugha ya 1983, na havitauliza. Itabidi muulize ninyi.

Umeme ukikatika, jambo ambalo sina haja ya kulieleza, angalieni namba za chaneli kabla ya lolote. Kinanda cha mpwa wangu kila kikizimika husahau kilichoambiwa na kurudi namba 1.

Ile kwaya ilirudi, mwezi wa Novemba. Mpwa wangu hakuwatoza kitu, na nauli nilichangia mimi. Hayo si ya kusifiwa. Mama hakuwamo. Alikuwa amehamia ng'ambo, Nakonde, kwa binti yake aliyejifungua, na wimbo wake alipewa msichana mwenye sauti nzuri lakini nzito zaidi. Alipofika kwenye noti ya juu sauti ilikatika. Wimbo ulikuwa katika G, na mwalimu akasema msichana huyu ni wa F.

Zamani hapo tungempigia simu mpiga kinanda, ambaye siku hiyo alikuwa Ileje kwenye mitihani. Lakini alichoacha kijana yule mwezi wa Septemba hazikuwa sauti, zilikuwa zile karatasi: kila kibonyezo na namba yake, kila nguvu ya kidole chake, hata pale aliporuka kwa mazoea vibonyezo viwili ambavyo kwenye kinanda chetu ni vizima. Mpwa wangu akapunguza 2 katika kila namba. 67 ikawa 65, 60 ikawa 58, wimbo mzima ukashuka kutoka G hadi F kwa muda wa kukohoa, bila mkono wa mtu kugusa kinanda. Kisha tukasikiliza, na ngoma zimevurugika. Alikuwa amepunguza 2 hata kwenye chaneli ya ngoma, ambako namba si noti bali ni aina ya ngoma. Ngoma ndogo namba 38 imegeuka 36, ambayo ni ngoma kubwa, na ngoma kubwa yenyewe imetoweka. Tukazirudisha za chaneli 10 zilikokuwa. Safari hii niliyegundua ni mimi, na naomba nisamehewe kwa kulitaja.

Msichana akaimba, usiku, saa 8, honi zikiwa chache. Wimbo huo tuliupiga hapa redioni Jumapili iliyofuata, katika kipindi cha asubuhi. Mawimbi yetu hayapiti forodhani, kwa hiyo yanasikika vizuri kule Nakonde. Jumatatu yake kijana wa bodaboda alileta ujumbe kituoni, kutoka kwa mama mmoja ng'ambo. Amesema binti ameimba vizuri, Mungu ambariki, ila nani aliwaruhusu kuushusha wimbo wake?